Kaburi Lisilo na Jina: Sinema Zinazowatafuta Marehemu Wetu

Bibi yangu, mzaliwa wa Ziba, alikuwa na desturi moja. Kila mwaka ilipofika Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, alituketisha sisi wajukuu, akataja majina ya wafu wa ukoo wetu mmoja mmoja. Baada ya kila jina alitaja na mahali mtu yule alipolala: huyu chini ya mwembe, yule karibu na zizi la zamani, yule kwenye makaburi ya misioni. Alipofika kwenye jina la baba yake mdogo alinyamaza kidogo. Kisha alisema, "Na huyu, Mungu ndiye ajuaye alipo."

Baba mdogo huyo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, ile vita kuu ya kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918. Alikwenda na vijana wenzake, hakurudi. Hakuna aliyeleta habari za kifo chake, wala nguo yake, wala fimbo yake. Basi bibi aliendelea kumwombea mtu asiye na kaburi mpaka siku yeye mwenyewe alipozikwa.

Nilikuwa nimekwisha sahau jambo hili. Nilikumbushwa na kitu ambacho sikukitazamia kabisa, yaani sinema. Neno hilo likitajwa, wengi wetu hufikiri ngumi, bastola na mapenzi ya mjini. Lakini wako watu wa sanaa, wa kwetu na wa ng'ambo, wanaotumia sinema kwa kazi nyingine: kuwatafuta watu waliopotezwa na utawala wa kigeni, waliohamishwa kwa nguvu, na waliokataa kutawaliwa wakalipa kwa shingo zao. Ningependa kuwasimulieni habari za sinema hizo, kwa maana zinatuhusu sana sisi watu wa Unyamwezi.

SINEMA ILIYOKUJA KWA LORI

Kwanza tukumbuke sinema ilivyoingia vijijini. Haikuja kutafuta habari zetu. Ilikuja kutufundisha.

Mwaka 1935 Waingereza walianza majaribio ya sinema kwa ajili ya Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Fedha zilitoka Marekani, na baraza moja la wamisionari wa Kiprotestanti lilishiriki. Msimamizi wa kutengeneza picha alikuwa Meja Notcutt. Hata majaribio yalipokwisha, mwaka 1937, sinema 35 zilikuwa zimetengenezwa. Zilipakiwa katika lori pamoja na mashine ya umeme na kitambaa cheupe, zikapelekwa huku na huku katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikusanyika usiku kwa maelfu kuona maajabu hayo.

Picha zenyewe zilisema nini? Moja ilieleza faida ya kulipa kodi. Nyingine ilihimiza watu waweke fedha zao katika benki ya posta. Nyingine ilifundisha juu ya minyoo ya safura. Si haki kusema kwamba yote yalikuwa mabaya, kwani safura ni adui wa kweli, na kuweka akiba ni busara. Lakini angalieni jambo moja. Katika sinema hizo mwenye kusema alikuwa mmoja tu, na sisi tulikuwa wa kuambiwa. Hakuna aliyeshika kamera akamwuliza mzee wa kijiji, "Na wewe, una habari gani ya kutuambia?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Leo wajukuu wa wale walioambiwa wameshika kamera wao wenyewe, na swali hilo sasa linaulizwa.

KICHWA CHA NDUNA SONGEA

Sinema ninayotaka kuitaja kwanza ilionyeshwa Berlin mwezi wa Februari 2024, katika tamasha kubwa la sinema la mji ule. Jina lake la Kijerumani ni Das leere Grab, maana yake Kaburi Tupu. Waliotengeneza ni wanawake wawili waliofanya kazi pamoja: Cece Mlay, Mtanzania, na Agnes Lisa Wegner, Mjerumani. Si hadithi ya kubuniwa. Ni habari za kweli za koo mbili za nchi yetu zinazotafuta mifupa ya wazee wao.

Ukoo wa kwanza ni wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, ambaye mji wa Songea unaitwa kwa jina lake. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, watu wa kusini walikataa kulimishwa pamba kwa nguvu na kutozwa kodi kwa kiboko. Wadachi walivizima vita hivyo kwa bunduki, na zaidi kwa njaa, maana walichoma mashamba na ghala za chakula. Waliokufa ni maelfu kwa maelfu: Wadachi wenyewe walikadiria 75,000, na wanahistoria wa nchi yetu wamesema huenda walifika 300,000. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa, na mpaka leo watu wa Songea huikumbuka siku hiyo kila mwaka. Nduna Songea naye alinyongwa mwaka ule ule. Kaburi lake liko na linaheshimiwa, lakini wazao wake wanasema kichwa hakimo. Kilikatwa kikapelekwa Ulaya.

Tusifiche pia kwamba katika vita hivyo Kanisa lilipata msiba wake. Mwezi wa Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa akiwa safarini kusini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Majina yao yaliandikwa vitabuni na misa zikasomwa kwa ajili yao, na ilikuwa halali. Lakini mama wa Kingoni aliyekufa kwa njaa na mtoto mgongoni hakuandikwa popote. Mbele ya Mungu roho zote zina thamani moja.

Katika sinema tunamwona kitukuu wa Nduna Songea, mwanasheria, akiondoka na mkewe kwenda mpaka Berlin. Wanaingia katika nyumba kubwa za hifadhi, wanauliza kwa adabu, wanaonyeshwa makaratasi. Mtu hawezi kutazama bila kujiuliza: ingekuwa ni babu yangu, je, ningeweza kusema kwa utulivu namna hii?

Ukoo wa pili ni wa Wameru wa Arusha, wazao wa Mangi Lobulu Kaaya. Mangi huyo alinyongwa na Wadachi mwaka 1900, mwaka ule ule aliponyongwa Mangi Meli wa Old Moshi. Mifupa yake imetafutwa mpaka New York huko Marekani, kwa sababu mtaalamu mmoja wa Berlin aliyekusanya vichwa vya watu alipofariki, mali yake hiyo iliuzwa kwa jumba la makumbusho la huko. Ndiyo, wasomaji wangu, nimeandika "iliuzwa."

Kwa nini walikusanya vichwa vya watu? Wataalamu wa siku zile walidhani kwamba kwa kupima fuvu wataweza kupanga mataifa ya watu, lipi bora na lipi duni. Leo elimu hiyo imekataliwa kabisa kuwa ni uongo. Lakini mafuvu yalibaki katika masanduku. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika ya Mashariki, na kati yake yapo kama 200 ya upande wetu wa Tanzania. Walichukua mate ya watu walio hai wa koo za Kilimanjaro, wakayalinganisha na mfupa. Fuvu moja lilionekana pasipo shaka kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Zaidi ya miaka 120 mtu yule alikuwa ndani ya sanduku, na jina lake limeandikwa juu ya mfupa wake.

Tarehe 1 Novemba 2023, Siku ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Aliinama mbele ya wazao wa mashujaa, akaomba msamaha kwa yale Wadachi waliyotenda, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea, ingawa hakuweza kuahidi kwamba kitapatikana. Jambo hilo nalo limo katika sinema. Kuomba msamaha si jambo dogo. Lakini kila Mkristo anajua kwamba toba huendelea kwa malipizi, na kilichochukuliwa hurudishwa.

MWILI ULIOPITA TABORA

Labda mtu atasema, "Mifupa ni mifupa tu. Mtu akifa amekufa." Mtu huyo na akumbuke jambo lililopita katika njia yetu hii.

Mwezi wa Mei 1873 Dakta Livingstone alifariki huko kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba mabegani kuelekea pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora. Hapo walimkuta Mwingereza mwingine, Luteni Cameron, naye akawashauri wamzike papo hapo, maana njia ilikuwa ndefu na yenye hatari. Wakakataa. Walisema moyoni mwao kwamba mtu huzikwa kwao. Wakabeba mpaka Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa katika kanisa kuu la Westminster, London, miongoni mwa wakuu wa taifa lake.

Tazameni sasa. Waafrika maskini, wasiolazimishwa na mtu, walimbeba Mzungu karibu miezi tisa ili azikwe kwao kwa heshima. Miaka michache tu baadaye wakuu wa Ulaya walivibeba vichwa vya Waafrika kwenda upande ule ule, wakaviweka katika masanduku yenye namba. Nani hapo alikuwa mstaarabu?

Hata hapa Tabora tunayo habari yetu. Mwezi wa Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliizingira ngome ya Isike, Mtemi wa Unyanyembe, aliyekuwa amewazuia Wadachi kwa miaka kadhaa. Isike alipoona ngome imeingiliwa, aliiwasha baruti ndani ya boma lake badala ya kujitoa mikononi mwao. Watoto wetu wangapi wanaijua habari hii?

WAPAGAZI

Sasa narudi kwa baba mdogo wa bibi yangu.

Wanyamwezi tulijulikana kwa upagazi tangu zamani. Kabla ya reli, vijana wetu walishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Ilikuwa kazi ya sifa, na kijana ambaye hajaiona bahari alichekwa na wasichana. Lakini vita ilipokuja, kazi ya hiari ikawa kazi ya kukamatwa. Wadachi walichukua wapagazi, Waingereza walichukua, na Wabelgiji walioiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916 nao walichukua. Waingereza peke yao waliandika wapagazi karibu milioni moja. Watu hao hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa, njaa na kuchoka. Jina la Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, limetokana na kambi ya wapagazi hao.

Mwaka 2019 sinema moja ya habari hizo ilionyeshwa katika televisheni ya Uingereza. Jina lake The Unremembered, yaani Wasiokumbukwa. Msimulizi wake ni David Lammy, mbunge wa London ambaye ukoo wake unatoka Guyana. Alifika Voi, Kenya, ambako makaburi ya Wazungu yamepangwa vizuri, kila moja na jiwe na jina. Ng'ambo ya ua, porini, wamelala Waafrika wa vita ile ile bila alama yoyote. Alifika na kwetu pia. Katika makaratasi ya zamani ilionekana kwamba, miaka ya 1920, Gavana wa Tanganyika alishauri makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudie kuwa pori upesi iwezekanavyo.

Sinema hiyo haikuishia kwenye machozi. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Waingereza, ambayo tangu mwanzo ilijisifu kwamba itawaheshimu wafu wote sawasawa, ililazimika kujichunguza. Mwezi wa Aprili 1921 ulikuwa umekwisha pita kwa miaka mia kamili tume ilipotoa majibu, Aprili 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Mwezi wa Januari 2025 ukumbusho ulifunguliwa Cape Town wenye majina ya Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika ya Kusini waliokufa katika kazi za vita ile. Basi mnaona: picha moja iliyotengenezwa kwa ukweli iliitikisa ofisi ambayo barua nyingi hazikuitikisa.

Wako na wasanii wengine walioishika habari hiyo kwa namna yao. Mwaka 2018, katika London, John Akomfrah, mzaliwa wa Ghana, alionyesha kazi yake Mimesis: African Soldier, inayotazamwa katika vitambaa vitatu kwa mara moja, juu ya askari na wapagazi wa Kiafrika. Mwaka ule ule William Kentridge wa Johannesburg alionyesha mchezo wenye nyimbo na picha za sinema, ambamo vivuli vya wapagazi vinapita ukutani vikiwa na mizigo kichwani, mmoja baada ya mwingine. Kivuli hakina sura wala jina. Nadhani hapo msanii amesema kweli yote: ndivyo watu hao walivyobaki katika vitabu vya wakubwa.

JAMBO MOJA LISILO SAWA

Hata hivyo lipo neno ambalo ni lazima nilinene. Sinema hizi huonekana kwanza Berlin na London, mbele ya watu waliovaa vizuri, waliokaa katika viti laini. Mara nyingi fedha za kuzitengeneza pia hutoka huko, na mwenye fedha ana sauti. Mwanakijiji ambaye habari ni yake huenda akawa wa mwisho kuiona, kama ataiona. Lori la mwaka 1935 lilikuwa na makosa mengi, lakini lilifika kijijini. Ni vema watengenezaji wa leo, pamoja na shule na parokia zetu, wafikiri namna ya kuzileta sinema hizi huku, zitazamwe usiku chini ya mwembe na wenyewe.

Tena, sinema si mashahidi wa kuaminiwa bila kupimwa. Mtengenezaji huchagua aonyeshe nini na aache nini. Tuzitazame kwa akili, tuulize, tubishane. Na tusizitumie kuwasha chuki. Kijana wa Ujerumani wa leo hakumkata mtu kichwa, na wengine wao ndio wanaosaidia kutafuta. Tunachodai ni ukweli na mazishi.

KAZI YETU NYUMBANI

Katika Maandiko tunasoma habari za Tobiti. Yeye na watu wake walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, wakakaa Ninawi chini ya mfalme mkali. Mfalme aliua Waisraeli na kuwatupa, naye Tobiti aliwachukua kwa siri akawazika, ingawa ilimponza. Yusufu naye alipokuwa akifa Misri aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake isibaki ugenini. Kuzika wafu ni tendo la huruma tulilofundishwa tangu katekisimu. Na kama mwili haupatikani, walau jina lisipotee.

Basi, baba na mama, nawashauri mambo machache. Mkae na wazee wenu mapema, kabla hawajaondoka. Waulizeni kwa heshima: nani katika ukoo wetu alichukuliwa upagazi, nani alikwenda vitani, nani alihamishwa, na nani hakurudi? Andikeni jina, ukoo, kijiji na mwaka. Kama mzee haujui mwaka, aseme ulikuwa mwaka wa njaa gani au wa nzige gani, na wasomi watauhesabu. Siku hizi karibu kila nyumba ina kijana mwenye simu ya mkononi inayopiga picha na kushika sauti. Kijana huyo, badala ya kupiga picha za sura yake tu, ampige picha babu akisimulia, kwa ruhusa yake. Asimkatize. Asiongeze chumvi. Hiyo nayo ni sinema, na pengine itakuwa ya thamani kuliko zile za Berlin, maana ni yenu.

Mimi nimekwisha anza. Katika daftari la ukoo wetu, ukurasa wa kwanza, nimeliandika jina la baba yake mdogo wa bibi. Mahali pa kaburi nimeacha wazi. Siku ya Marehemu ikifika nitawaketisha wajukuu zangu niwasomee majina yote, na nikifika kwake nitasema vile vile alivyosema bibi.